Siku Niliyokataa Kuonja Pombe Niliyopelekea Wakwe

Haya, chekeni mapema mmalize, kwa sababu kila nikikumbuka siku hiyo bado najifunika shuka usoni, na wa kulaumiwa ni mimi na maswali yangu. Tangu chuo kikuu nimekuwa mtu wa kuuliza kila kitu kimetoka wapi, nikauliza mpaka nikaacha nyama, maziwa, mayai na hata asali (nyuki anajitafutia chakula chake, kwani nani alimwomba ruhusa?), na kwa vinywaji ndio nikawa kero kabisa, maana niligundua divai nyingine husafishwa kwa ute wa yai au kibofu cha samaki, basi ukinituma dukani nitasimama nikisoma chupa mpaka mwenye duka aulize kama niko sawa.

Sasa siku ya ntheo, yaani kupeleka wale mbuzi wa kwanza wa kuposa, tulitoka Kitui hadi Tawa kwa kina Mwende, mchumba wangu, tukiwa na mbuzi watatu na mtungi wa uki, ile pombe yetu ya asali, iliyotengenezwa na mjomba wangu Kilonzo, ambaye pia ndiye alikuwa msemaji wetu. Mimi kwa werevu wangu nikaweka kwenye begi chupa moja ya divai niliyoichunguza mwenyewe, nikijua wazee wakianza kunywa nitajimiminia yangu polepole na hakuna atakayejua. Uamuzi mdogo tu.

Baba yake Mwende ni mzee wa kanisa, yeye ni soda, lakini kaka yake mkubwa, Mzee Musyoka, alijaza kata ya uki akaninyooshea.

"Mwenye kuleta ndiye huonja kwanza, kijana. Halafu sisi."

Nikasema asante mzee, lakini mimi situmii asali. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi nikaona ni nafasi ya kuelimisha, nikatoa chupa. "Nimejibebea yangu. Hii ni salama zaidi."

Salama zaidi! Nilitamka hayo kwa mdomo wangu, mbele ya watu niliowaletea mtungi mzima.

Mzee Musyoka aliweka kata chini taratibu. "Kwa hivyo yetu ameleta kwa mtungi, yake ameficha kwa begi?"

Shangazi mmoja akaanza kuwatoa watoto nje. Mjomba Kilonzo akanyakua ile kata akainywa yote, akajaza ya pili akanywa (hii ya pili sidhani ilikuwa ya ushahidi), lakini Mzee Musyoka akatikisa kichwa. "Wewe ndiye uliitengeneza, kama ina sumu dawa yake unaijua. Fungueni mbuzi warudi kwao."

Nikajaribu kueleza jinsi nyuki wanavyonyang'anywa, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Na hawa mbuzi, umetuletea tuwalee kama wajukuu?" Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa waliokuwa tayari wanafungua kamba.

Mwende akatokea mlangoni, mikono ina unga. Hakuja kunitetea.

"Mutua, leo unaposa nyuki ama unaniposa mimi?"

Nikaokota kata, nikamwomba Mzee Musyoka aijaze, nikanywa mpaka chini, nyingine ikinimwagikia shati, na wote wakanikodolea macho wakingoja nianguke. Sikuanguka. Nilicheua, kwa sauti, mbele ya mama mkwe. Akina mama wakapiga vigelegele na mbuzi wakafungwa tena.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa tamu.

Mwende ni mke wangu sasa, na asali sijaigusa tena, ila nimeapa kwamba nikialikwa kwa mtu nitasema mapema, kwa simu, nisichokula, na sitabeba tena chupa ya siri nikienda kuomba binti wa watu. Wakwe wamenizoea, wananipikia muthokoi wangu, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila siagi wala maneno. Ni Mzee Musyoka tu ambaye mpaka leo, tukiandaliwa chakula, hagusi sahani yake kabla hajaniona nimemeza.