Sauti Iliyosafishwa

Baba alipofariki nilirudi Mgogoni kukaa eda na mama. Mjane wa kwetu hatoki, hajitii manukato, wala haonani na mwanamume anayeweza kumwoa, na nyumba nzima hukaa eda pamoja naye. Madirisha yalifungwa mapazia mazito. Shangazi, dada wa marehemu, alitandika mkeka wake kwenye kizingiti cha chumba akaulinda mlango kana kwamba mama angekimbia. Uani jirani walianika karafuu. Harufu yake ilituingilia ndani. Sisi hatukuweza kuifuata nje.

Ndipo akaja bwana mmoja wa Chake Chake, mkusanyaji wa santuri za zamani. Kampuni ya Ulaya ilikuwa inaitoa upya santuri ya bendi ya jazi iliyopiga hapa kisiwani wakati mama ni msichana. Wapiga gitaa na saksafoni walikwishajulikana kwa majina. Alikuwa amebaki mwimbaji wa nyimbo mbili za upande wa pili, ambaye jalada la kale halikumtaja. Wazee wa bendi ndio waliomwelekeza kwetu. Jalada jipya lilikuwa linakwenda kuchapwa, naye alitaka neno moja tu la mama: ndiye, au siye.

Mimi nilijua ndiye. Utotoni nilimsikia mara moja akiimba huku anafua, akanyamaza aliponiona. Nyumbani kwetu baba alikuwa akiizima redio muziki ukianza tu, na mama hakuwahi kuuliza kwa nini.

Shangazi alimjibu mgeni kutoka ndani, bila kuinuka. Kaburi la kaka yake halijakauka, alisema, watu wameshaleta ngoma. Bwana yule akajitetea kwa adabu kwamba hii si ngoma, Bi Mkubwa, ni jazi.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," akasema shangazi. "Ngoma angalau twaijua."

Nilimwomba mgeni anitumie wimbo kwenye simu, asubiri barazani. Shangazi alipokwenda kutia udhu, nilimpa mama hedfoni. Akaziingiza chini ya mtandio, akafumba macho. Kidole gumba kilianza kugonga goti lake, polepole, kikitangulia mapigo kidogo. Ulipokwisha akaniashiria niurudishe mwanzo.

"Wamenisafisha," akanong'ona. "Hapa palikuwa na pumzi. Niliogopa, nikavuta pumzi kubwa kabla ya kuanza. Wameikata."

"Nikamwambie ndiye?"

Akazitoa hedfoni, akaukunja waya taratibu, akanirudishia.

"Mwambie siye."

Nilimsihi. Nilimwambia wenzake wote watakuwamo, kila mtu na chombo chake, ila yeye.

"Eda hii ina mwisho, mwanangu. Nikitoka nataka niende hitimani, niende harusini, nikae na wenzangu kama siku zote. Jina hilo likitoka, wifi yangu atanisimanga nalo mpaka nife. Mie mwenyewe nitarudi humu chumbani nifunge mlango."

Nikatoka barazani, nikasema siye. Bwana yule alinitazama, kisha akatazama pazia. Hakubisha. Alisema tu kwamba jalada litaondoka kesho, na kama kuna lolote nimwandikie mimi, jina tu, yeye ataridhika. Akashuka kwenye baraza akaenda zake, akikwepa mikeka ya karafuu.

Nilirudi ndani. Shangazi alikwishakaa kizingitini, miguu yake ingali majimaji, nikapita kwa kumruka. Mama alikuwa ameshika tasbihi, uso wake ukutani. Nikaketi kwenye pembe ya kitanda, nikafungua simu. Chini ya wimbo palikuwa na nafasi tupu ya kuandika. Niliandika jina lake, la baba yake, na la babu yake, kama anavyotajwa mtu kamili. Nikalisoma. Halafu nikaanza kulifuta kutoka mwisho, herufi moja moja.

Shangazi akaniuliza namwandikia nani.

Nikamwambia simwandikii mtu.