Povu la Mwisho

Miaka ile ya wakimbizi, nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa na watoto wanane: sita wangu, wawili wa marehemu dada yangu. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti, anarudi jioni na grisi hadi kwenye kola. Mimi nilikuwa nauza mawese sokoni, na yeyote ambaye mawese yameshawahi kumwagikia shati jeupe la shule anajua kilichokuwa kikinisubiri nyumbani. Nguo hazikuisha. Nilizihesabu zikienda ziwani, nikazihesabu tena zikirudi, na bado kila wiki kuna soksi iliyohama bila kuaga.

Bomba la mtaa lilitoa maji siku likijisikia. Kwa hiyo tulifua ziwani, kwenye mawe, huku tunagombana na wenye dagaa. Wao wanataka nafasi ya kuanika dagaa, sisi tunataka nafasi ya kuanika nguo, na upepo hauna upande. Shuka unalifua asubuhi, usiku unalala umejifunika kitoweo.

Hapo kwenye mawe ndipo nilipomkuta yule dada wa kutoka Burundi. Alikuwa amefikia Kagunga, kule mpakani, kwa mtumbwi, akateremka hadi mjini na watoto wawili, mdogo bado yuko mgongoni, na hakuwa na karatasi yoyote. Alisimama pembeni akiangalia beseni langu kama mtu anavyoangalia sufuria ya jirani.

"Mama, hilo povu unalimwaga?"

"Nalimwaga. Kwani unalitaka?"

"Nipe. Nina kanguo ka mtoto."

Sasa mimi ni mtu wa soko. Kitu kikishaombwa, kina bei. Nikamwambia sabuni ile ni ya mawese, nimeipika mwenyewe, na povu lake halitoki bure. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili kilichojaa Kirundi, nami nikampata vizuri maana Kiha changu hakiko mbali.

"Yaani mama, unauza na maji machafu?"

"Kama machafu, yaache."

"Oya, oya, siyaachi! Nitakufulia mashuka. Uniachie povu na kipande cha sabuni."

"Mashuka na sare za shule."

"Basi kipande kiwe kikubwa. Na mchana watoto wangu wale."

"Wanakula sana hao?"

"Kama wako."

"Basi nimeshapata hasara," nikasema, tukaanza kazi.

Tangu siku hiyo akawa anakuja. Zinatangulia sare, zinafuata mashuka, kisha nguo za grisi kwenye beseni jingine. Mwisho kabisa, katika povu la mashuka lililokwisha kuwa rangi ya chai, anaingiza vyake: kitenge, gauni la mkubwa, na sweta ya kijani ya mdogo. Sweta ile ilikuwa na kifungo kimoja kilichotoka kwenye shati la mume wangu. Nilikitoa mwenyewe. Hicho sikukidai.

Habari za malori tulikuwa tunazisikia. Wageni wasio na karatasi wanakusanywa, wanapelekwa kambini upande wa Kasulu, huko juu kwenye baridi. Ilikuwa habari ya kila wiki, kama ile ya bomba kutengenezwa, nasi tuliiamini vivyo hivyo.

Jumamosi moja ya masika alifua mapema, wingu likatanda, akaona aje kuanika uani kwangu. Vyake akavitundika mwisho wa kamba, karibu na choo.

"Naenda kumnyonyesha mdogo, nimemwacha kwa dada yake. Mvua ikija unianulie."

"Nikianua nakudai."

"Nidai tu, mama. Nipo."

Mvua ikaja. Nikaanua mbiombio, nikatupa kila kitu mkekani, nikahesabu. Zimezidi. Nikahesabu tena. Zimezidi tatu. Katika nyumba ile nguo hazikuwahi kuzidi hata siku moja.

Nimeishika sweta mkononi, binti yangu mkubwa akaingia amelowa chapachapa.

"Mama, wamechukuliwa. Wako uwanja wa mpira, malori yanawashwa."

"Na mtoto?"

"Yuko mgongoni. Kafungwa khanga, ndani hana kitu."

Nikaikamua ile sweta mpaka viganja vikauma. Ikabaki mbichi. Nikaifunga pamoja na gauni ndani ya kitenge, nikakimbia.

Mlangoni pa uwanja alisimama askari, kijana mpole, ndiyo bahati mbaya yenyewe.

"Shikamoo, mama. Huingii."

"Marahaba, mwanangu. Mimi siingii. Zinaingia nguo."

"Hakuna kupitisha kitu."

"Basi sweta peke yake. Kitenge narudi nacho."

"Mama, hapa si sokoni."

"Ningekuwa sokoni ningeshakushinda."

Akacheka kidogo, asisogee. "Nimeambiwa hivyo, mama." Na kweli alikuwa ameambiwa, ilionekana usoni. Maisha yangu yote nimebishana na watu wenye bei. Yule hakuwa na bei.

Lori la kwanza likatoka. Niliona khanga inayofanana na yake, nikalirusha furushi. Mikono ikalidaka.

"La nani?" mtu akauliza.

"La yule mama mwenye mtoto mdogo!"

Wakaangaliana. Lori zima lilikuwa la akina mama wenye watoto wadogo.

Kisha likaja la pili, na yeye yuko humo, amesimama nyuma, mdogo chini ya khanga iliyolowa. Akaniona.

"Mama, umeanua?"

"Nimeanua!" nikapiga kelele. "Ziko lori la mbele!"

Akaweka mkono sikioni. Nikarudia, nikaonyesha kwa kidole, injini ikanguruma, naye akanipungia akidhani namuaga. Wakaelekea Mwandiga, njia ya Kasulu.

Nikajiambia malori yote yanakwenda kambi moja. Nikajiambia tena. Baadaye, kila dereva niliyesikia anapanda huko nilimuuliza kama amemwona mama mwenye mtoto wa sweta ya kijani. Mmoja alinitazama kwa huruma. "Mama, unajua kule kuna watu wangapi?" Sikujua, na ilikuwa mara ya kwanza sikutaka kuhesabu.

Jumamosi iliyofuata nguo zilikuwa zimejaa kama kawaida. Grisi haikusubiri, mawese hayakusubiri, na soksi nyingine ilikuwa imehama. Nilikwenda kwenye mawe yaleyale na binti yangu, tukafua hadi mgongo ukagoma. Tulipomaliza mashuka, akainamisha beseni.

"Mama, povu nimwage?"

"Acha kwanza."

Tukakaa juu ya jiwe, beseni katikati yetu. Povu likawa linapasuka kidogokidogo, mpaka yakabaki maji matupu, rangi ya chai.

"Haya," nikamwambia. "Mwaga."