Tangi la Nyanya

Nikisikia harufu ya simiti mbichi, hasira hunipanda. Kila Krismasi nyanya alimwomba baba mkubwa, mwanawe wa kwanza aliyefanya kazi Mombasa, amjengee tangi la kuvuna maji ya mvua. "Mwaka ujao, mama." Nyanya akafa wakati wa kiangazi. Wiki hiyo hiyo baba mkubwa akaleta pikapu iliyojaa simiti ya kujengea kaburi. Sisi watoto tulichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, tukayabeba mgongoni, tukalimwagia kaburi asubuhi na jioni. Midomo yetu ilikuwa imekauka.

"Mwageni vizuri," baba mkubwa alifoka. "Likipasuka nitaaibika."

Mama aliutua mtungi wake kwa kishindo.

"Shemeji, mama aliomba maji akiwa hai. Sasa ndio unamnywesha?"