Nilivyoshuka mlima wa theluji kwa kufuata sauti ya dada yangu (wadada mnaotaka kujaribu ski, someni)

Habari za leo wakuu, na wadada wote humu.

Naandika nikiwa Kagondo, Bukoba. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Dada yangu Koku ameolewa Norway. Mwaka huu nilienda kumtembelea, akanipeleka kuski, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao mbili ndefu miguuni. Mimi mtoto wa Muleba, barafu naijua ya kwenye friji!

Wadada, nguo kwanza.

Nilikuwa nimesuka rasta, nikazifunga fundo kubwa juu. Helmeti ikagoma kabisa. Ikabidi nizishushe, mikia miwili, shingoni.

Sidiria ya waya iache nyumbani. Vaa sports bra.

Soksi pea moja tu, ndefu. Mimi nilivaa tatu, viatu vikabana, vidole vikafa ganzi. Ukikodi vifaa, omba viatu vya kike, vya kiume vinaumiza shavu la mguu.

Suruali na koti viwe mbali mbali. Lile vazi la kipande kimoja chooni ni vita, hasa ukiwa kwenye siku zako.

Na asikudanganye mtu kwamba sisi weusi hatuungui. Theluji inakurudishia jua lote usoni. Paka sunscreen. Pua yangu ilibanduka.

Asubuhi nilijifunza kwenye kimteremko cha wanaoanza. Ncha za mbele za mbao karibu, visigino mbali, magoti yamekunjwa. Nilianguka mpaka watoto wa pale wakanizoea.

Mchana tukapanda viti vya kwenye waya mpaka juu.

Wakuu...

Weupe mpaka macho yanapoishia. Kimya, nasikia damu yangu masikioni. Nililia, na sijui nililia nini.

Tukaanza kushuka, Koku mbele. Ghafla ukungu ukatufunika, simwoni tena. Juu kweupe, chini kweupe. Nilidhani nimesimama, kumbe nateleza! Nikaanguka ubavu.

Nikasema, Ruhanga wange, Mungu wangu, ndo nafia huku.

Mara nikasikia sauti kutoka chini: "Kemi! Ija! Mpola mpola, ija!"

Kihaya, kwenye mlima ule! Ananiambia njoo, polepole.

"Sikuoni dada!"

"Usinitafute kwa macho, fuata sauti! Sukuma visigino nje!"

Nikainuka. Anaita, nashuka kidogo, nasimama. Anaita tena, nashuka. Miguu inanitii. Mpaka nikasikia mkono wake umenishika koti.

Tulikumbatiana tukacheka kama vichaa.

Baadaye ukungu ukafunguka nikaona nilikotoka. Ukuta mweupe, umesimama.

Niliporudi nikaenda Muleba kumwonyesha mama video ya ule mlima. Akaangalia mpaka mwisho.

"Na wewe mwanangu ulishuka huko?"

"Ndiyo mama."

Akainuka na simu yangu mkononi, akaenda nayo moja kwa moja kwa jirani. Hakuniaga.

Nilichojifunza: mavazi yakikukaa vizuri, akili inabaki kwenye miguu. Usipande juu bila mtu anayeujua mlima, na kabla ya kushuka mkubaliane mtaitana vipi. Mimi na Koku hatukukubaliana, Mungu tu.

Nimemaliza wakuu. Kuna dada mwingine humu amewahi kukanyaga zile mbao? Njoo utuambie ulivaa nini na ulianguka wapi. Mliogandia Kilimanjaro pia mnaruhusiwa kuchangia.