Udongo wa Zuena, Mchanga wa Mbwana

Kiwanja alichopewa Zuena Nassibu alime mchicha, pale Mtoni, Temeke, kilikuwa mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujageuka yameshapotea. Mwenyewe, Mbwana, alikitoa kwa sababu hakikuwa na faida kwake. "Lima mpaka nitakapokihitaji," alimwambia. Hiyo ilikuwa mwaka 1986, na Zuena, mjane wa miaka arobaini, hakuwa na pa kuchagua.

Majirani walilima kama baba zao: fyeka, kusanya, choma, panda. Zuena alikataa kuchoma. "Mnaichomea ardhi chakula chake, halafu mnashangaa ina njaa," aliwaambia, na wala hakuwaambia kwa upole. Aliwahi majani yao kabla hayajawashwa, akayafukia. Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye ua alifuga kuku wa kisasa, na kinyesi kilichochanganyika na maranda ya mbao kilikuwa kero tupu. Zuena alikipakia kwenye mkokoteni kutoka Chang'ombe, harufu ikimtangulia. Watu wakamwita Mama Jalala. Akawa anaitika.

Alikosea pia. Msimu mmoja alimwaga maranda mabichi moja kwa moja kwenye matuta, mchicha ukageuka manjano na kudumaa, watu wakacheka mpaka wakashiba. Tangu hapo alirundika kila kitu pembeni, akakimwagia maji, akakipindua, akangoja kioze sawasawa. Serikali ilipoacha kuchangia bei ya mbolea ya chumvichumvi na bei ikapaa, waliocheka wakawa wanavuna mchicha mwembamba wa kusikitisha. Wa kwake ulitoa majani mapana, na jua la Januari halikuubabaisha, maana udongo ulikuwa umejifunza kushika maji.

Mwaka 1995 Mbwana alikuja na mtu wa lori. Huko Msasani nyumba za kifahari zilikuwa zinaota kila wiki, na wenyewe walitaka udongo mweusi wa bustani.

"Bi Zuena, vuna ulichopanda," alisema Mbwana. "Jumamosi nauchukua udongo wangu."

"Wako upi?"

"Uliomo kwenye kiwanja changu."

Hasira ilimpanda Zuena mpaka macho yakaingia maji. Miaka tisa ya mgongo wake iende ikaoteshe nyasi za kuchezewa na mbwa wa matajiri. Alijitanda khanga, akaenda moja kwa moja kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Marijani. Mbwana naye akaitwa.

"Shikamoo, Mzee," alianza Zuena.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mnazi nikiupanda kwenye kiwanja cha mtu, ni wa nani?"

"Wa aliyeupanda. Ardhi ya mwenyewe, mti wa mpandaji. Hilo pwani hii halina ubishi."

"Basi mie nilipanda udongo."

Mbwana alicheka. "Udongo haupandwi, Bi Zuena."

"Haya, kachimbe ukingoni mwa kiwanja chako, pale nisipolima, utuletee mweusi hata wa kujaza kikombe."

Wakaenda wote watatu, na mjumbe akashika jembe mwenyewe. Ukingoni ulitoka mchanga mweupe. Kwenye matuta ulitoka udongo mweusi wa shibiri moja na nusu, nyungunyungu wamejaa, na chini yake mchanga uleule. Mzee Marijani aliegemea mpini wa jembe. Kesi isiyo na mfano ilimchosha.

"Wa juu ni wa Zuena," akasema hatimaye. "Wa chini ni wa Mbwana. Zuena, una siku tatu. Zikiisha, lori lije."

Mbwana hakubisha. Mwanamke mmoja na beseni lake, siku tatu, atabeba nini? Masikini, hakuwajua wauza mchicha. Rukaiya, shoga yake Zuena, alitoa uwanja nyuma ya nyumba yake, hatua mia mbili kutoka pale, na walewale waliomcheka wakaja na mabeseni, ndoo, hata masufuria ya shughuli. Hawakuja kwa huruma tu. Kila mmoja alijua kwamba leo ni kwa Zuena, kesho ni kwake. Walibeba kwa zamu, wakigombana na kurushiana mafumbo, na kila kilichomwagwa Rukaiya alikifunika kwa majani makavu kisikauke.

Jumamosi lori likaja. Dereva alichoma koleo mara moja, akasogea, akachoma tena. Kisha akapanda gari lake akaondoka bila kuaga.

"Zuena," Mbwana aliita, sasa bila hiyo Bi. "Umeniachia nini?"

"Mchanga wako wote."

Akavua kandambili, akazikung'uta moja baada ya nyingine juu ya kiwanja, Mbwana asije akadai hata punje, akaenda zake pekupeku kwa Rukaiya kumwagilia.