Shuka Isiyojibu Mikono Mikavu

Hospitalini alikoshona kwa miaka kumi na saba walimwita Fundi. Chuoni wakambatiza Mama Cherehani, na jina likamganda, kwa sababu siku ya kwanza wenzake waliingia darasani na kompyuta, yeye akaingia na utepe wa kupimia shingoni. Nusu ya darasa angeweza kuwazaa, na nusu nyingine, kwa utundu wao, angeweza kuwachapa.

Alisomea shahada ya uzamili ya sanaa na ubunifu wa dijitali, ile sanaa ya kazi zinazoitikia watu. Mumewe, fundi wa mafriji, hakuwa na muda wa jina refu namna hiyo. Majirani walipomuuliza mkewe anasomea nini, alisema, "Kutengeneza vitu ambavyo ukivigusa vinakujibu."

"Si unaye tayari nyumbani?" jirani mmoja akamchokoza.

Wote walicheka isipokuwa Mama Cherehani. Yeye alikuwa anaogopa. Aliogopa walimu, aliogopa kompyuta, aliogopa hata watoto wale waliobonyeza vitufe bila kuviangalia. Muhula uliopita alisimama mbele ya watahini ulimi ukawa mzito, kazi yake haikuwaka, akaanguka mtihani. Barua iliyofuata ilikuwa fupi: atapewa mara ya pili, na ya tatu hakuna. Tangu siku hiyo alitembea roho mkononi. Cherehani ilipolia chumbani alishtuka kana kwamba si yeye aliyekuwa akiikanyaga.

Hata hivyo alishona, na alishona vizuri. Alichukua shuka ya hospitali, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto, akaitandika kwenye kitanda cha chuma na kuitia viraka kumi na viwili. Ndani ya kila kiraka alipitisha nyuzi mbili za madini ya fedha zinazopitisha umeme, moja huku na moja kule, zisigusane. Mtu akiweka kiganja juu, umeme mdogo usiodhuru ungevuka kwenye ngozi yake kutoka uzi mmoja hadi wa pili. Kompyuta iliyokuwa chini ya kitanda ingejua, na spika iliyofichwa kwenye mto ingesema. Zilikuwa sauti za watu aliowafahamu, kila mmoja akisimulia siku aliyoogopa kuliko zote. Juu ya kila kiraka alitarizi kichwa cha habari: Ngazi ya Giza, Mtihani wa Udereva, Asubuhi ya Majibu. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya dada yake, siku aliyoitwa hospitali kupewa majibu ya vipimo.

Msimamizi wake alikuwa kijana mpole aliyemwamkia kila walipokutana, jambo lililomzidishia hofu, maana aliona mwalimu anayekuamkia hatakukemea hata ukipotea njia.

"Mama, watu wameshaijaribu?" alimuuliza wiki mbili kabla ya mtihani.

"Nimeijaribu mwenyewe. Mara mia na zaidi. Haijakataa hata mara moja."

"Wewe si watu, mama. Mficha uchi hazai. Waite hata wale wa darasani waiguse."

"Nitawaita, mwanangu."

Hakuwaita. Aliwaza wale vijana wakiweka mikono yao, wakitazamana, wakicheka. Kila mmoja alipochungulia mlangoni, aliifunika shuka kwa shuka nyingine. Ndivyo kazi iliyotengenezwa iguswe na watu ilivyofika siku ya mtihani bila kuguswa na mtu.

Saa nne asubuhi watahini wakaingia, wawili wa chuo na mmoja wa nje, msimamizi akiwafuata. Huyo wa nje alikuwa profesa mwenye mvi, mama mkavu wa maneno, na kiyoyozi kilikuwa kikipuliza baridi kali. Profesa akaweka kiganja kwenye kiraka cha kwanza. Kimya. Akahamia cha pili. Kimya. Msimamizi akajaribu, kimya vilevile. Mama Cherehani akasogea, akaweka mkono wake, na papo hapo mto ukapaza sauti ya mumewe akisimulia ngazi ya giza.

"Inakufahamu wewe tu?" profesa akauliza.

Mama Cherehani akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimelowa kinang'aa. Ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtisha zaidi. Ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi, ngozi kavu huubania. Namba ile kwenye kompyuta, ya kuamua kama mkono upo au haupo, aliipima kwa mikono yake mwenyewe.

Msimamizi alikuwa ameshainamia kompyuta. "Ni namba moja tu, nikiishusha..."

"Acha," mtahini mmoja akamkata. "Mtihani umeanza."

"Niliipima kwa mikono yangu, profesa," Mama Cherehani akasema. "Na mikono yangu haijakauka tangu nianze masomo haya."

"Jasho la nini?"

"La woga."

Mtahini mmoja akacheka. Kicheko alichokikimbia miezi yote kilikuwa kimemfuata mpaka chumba cha mtihani, na hakuwa na pa kujificha.

"Kwa hiyo kazi hii humsikia mwenye hofu tu," profesa akasema. "Na hukulijua hilo mpaka sasa, kwa sababu hukumpa mtu aiguse."

"Ndiyo, profesa. Niliogopa."

Profesa akaandika maneno mawili matatu, akamwomba atoke nje wajadiliane.

Ukumbini hakukaa. Alisimama na mgongo ukutani, akihesabu miaka miwili iliyopotea na namna atakavyomwambia mumewe. Machozi yalimjaa lakini hayakudondoka. Alikuwa anaogopa hata kulia, wasije wakamsikia.

Ndipo akasikia, kupitia mlango, sauti ya dada yake.

"Asubuhi ile daktari aliniambia, karibu, kaa. Nikajua. Mtu mwenye habari njema hana haraka ya kukukalisha..."

Akadhani msimamizi ameishusha namba, na sasa wote wawili watafukuzwa kwa udanganyifu. Akasukuma mlango.

Msimamizi alikuwa dirishani, mbali na kompyuta, mikono mifukoni. Watahini wa chuo walikuwa mezani na karatasi zao, wakiangalia sakafu. Profesa alikuwa peke yake kando ya kitanda, kiganja juu ya Asubuhi ya Majibu. Mkono ule ule uliokuwa mkavu robo saa iliyopita. Kila mtu mle ndani alijua shuka inasema nini kumhusu, na yeye alijua kwamba wanajua, na hakuuondoa.

"Mimi wameniita kesho saa tatu," profesa akasema taratibu.

Mama Cherehani alitaka kumvutia kiti, akakumbuka maneno ya dada yake, akakiacha. Akaenda kusimama karibu naye, bega kwa bega, kama wanavyosimama wauguzi na ndugu wa mgonjwa. Sauti iliendelea kusema mpaka ikaisha.

"Umefaulu, kwa sharti," profesa akasema bila kumgeukia. "Watu arobaini waiguse kabla hujakabidhi ripoti, na uandike wangapi haikuwajibu."

"Asante, profesa." Furaha ilikuja, lakini ilikuja nyuma ya kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hofu kwa ajili ya mama huyu.

"Huyu aliyesema," profesa akauliza. "Yuko?"

"Yupo. Ni dada yangu. Ni miaka sita sasa, na anatugombeza kila siku."

Profesa akavuta pumzi ndefu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtahini tena, kama anaweza kusikiliza tangu mwanzo.

"Weka tu mkono," Mama Cherehani akamwambia.