Mfereji wa Baba na Mfereji wa Bibi

Ipo siku moja ya baridi ninayoikumbuka kila nikisikia maji yakidondoka, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa tumetoka tumbo moja na mimi bado niko sekondari. Uzee ni kitu cha kulinganisha. Wewe una meno machache na unagombana na viatu vyako kila asubuhi, kwa hiyo kwako mimi ni mzee, na mzee ana haki ya kutoa nasaha. Tena nakuandikia, sikwambii, maana maneno yangu ya Kiswahili hufika mlangoni mwa mdomo, yakaona watu, yakarudi ndani. Hapa kwenye karatasi hakuna anayeyakodolea macho.

Nilipokuwa kijana, yaani majira ya baridi yaliyopita, wewe ulikuwa mchanga kabisa. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Tanga kumlea mzazi mpaka arobaini yake ipite: kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, na kukuimbia wewe aliyekuita mume wangu. Kila mtu alifurahi. Kisha Bibi akaonyeshwa bafu.

Nyumba yetu hapa ughaibuni, Riverdale Park, unaijua. Ina bafu moja.

"Na mkwe wangu anaoga wapi?" Bibi akauliza.

"Hapo hapo, Mama," Mama akasema.

Bibi akaufunga ule mlango polepole, kama mtu aliyeona nyoka amelala. "Mimi nikutane na mkwe koridoni ana taulo? Hapana. Nitakaa kwa mdogo wako, nitakuwa nakuja kuwaona."

Mama Mdogo anakaa Fairfax, ng'ambo ya mto, na barabara zikijaa magari ni safari ya kutosha kusinzia na kuamka. Bibi wa Fairfax hawezi kumkanda mzazi wa Riverdale Park. Mama alikukumbatia wewe kwa nguvu mpaka ukalalamika.

Baba ndiye aliyepata njia. Mwenzake wa kazini ana kempa, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, na huitumia wakati wa joto tu. Akamwazima. Tukaiegesha kando ya nyumba. Ina kitanda, jiko dogo, sinki na choo chake. Bibi akaizunguka, akaigonga ubavuni, akasema, "Huyu ni kobe. Nyumba iko mgongoni." Basi jina likawa Kobe, na Bibi akahamia.

Sasa nikueleze maumbile ya Kobe, maana huko mbele utayahitaji. Maji safi yalikuwa yanaingia kwa mpira mwembamba kutoka ukutani kwetu. Maji machafu yanakaa katika tangi chini ya sakafu, ndilo tumbo lake. Nje kuna mpini. Ukiuvuta, tumbo linafunguka na uchafu unapita kwenye mpira mnene hadi kwenye shimo la maji taka uani. Hita ya ndani ilimpasha Bibi joto vizuri, lakini mipira yote na tumbo la Kobe vilikuwa nje vikipigwa na upepo. Ni kama mtu aliyevaa koti zuri akasahau suruali.

Na Baba, mwanangu, ni mtu wa Nakuru anayechekesha wagonjwa hospitalini kutwa, lakini mbele ya mama mkwe anageuka mtoto wa shule. Alikuwa haingii kwenye Kobe. Anasimama nje ya mlango, anaangalia uzio, anazungumza na uzio. Na kutaja choo mbele ya mkwe ndiyo kabisa, bora apoteze kazi. Kwa hiyo tumbo la Kobe alikuwa analimwaga kimyakimya Bibi akiwa ndani kwa Mama, ananyata kama mwizi. Bibi alikuwa anamwona dirishani. Naye akajifanya haoni. Heshima iliwajaa wote wawili.

Jioni moja simu zote zikatangaza baridi ya kupasua mawe. Baba akauendea uzio wake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba."

"Usiku wa leo baridi itakuwa mbaya sana. Tafadhali, mfereji uuache wazi kidogo tu. Maji yawe yanadondoka."

Bibi akaitikia, "Haya, baba. Nimesikia."

Mimi nilikuwa ndani ya Kobe na chupa ya chai. Nilimwona Bibi anatazama sakafu. "Mfereji," akasema taratibu, kama anaonja chumvi. Kisha akavaa koti juu ya kanga, akatoka, akaenda nyuma ya Kobe. Nilidhani anaangalia mwezi.

Asubuhi Kobe alikuwa jiwe. Sinki halikutoa hata tone. Ule mpira mnene umekakamaa kama gogo, ukiugonga unajibu. Choo hakifai tena. Bibi hakulalamika. Alikunja shuka zake, akafunga begi, akampigia simu Mama Mdogo aje amchukue akitoka kazini mchana. Mama akasimama dirishani amekubeba, na uso wake sitaki kuueleza.

Nikajikuta uani, katikati ya wazee wawili. Baba na birika upande huu, Bibi na begi upande ule. Walikuwa karibu kiasi kwamba mvuke wa pumzi zao ulikuwa unachanganyika, lakini kila mmoja anasema na mimi.

"Pendo, mwambie bibi yako pole sana. Muulize kama mfereji ulibaki wazi."

"Pendo, mwambie baba yako niliuacha wazi kama alivyosema. Nimeuvuta kwa mkono wangu."

"Mwambie mfereji hauvutwi. Unazungushwa."

"Mwambie nimeishi na mifereji tangu sijaolewa. Wa kuzungushwa sijauona."

"Labda ule wa kwao ni wa zamani."

"Mwambie wa kwetu umechimbwa na Mjerumani na bado unapitisha maji."

Nilikuwa nageuza shingo kama anayetazama mpira wa meza. Na hapo hapo, mwanangu, nikaelewa. Jikoni kwetu Mama husema funga bomba. Baba husema funga mfereji. Ni kitu kimoja, na nimekua nacho kwa majina mawili bila kujiuliza. Lakini huko Tanga mfereji si hicho. Neno likanipanda likafika kooni, likakaa. Wote wawili wananitazama. Unajua ninavyokuwa nikitazamwa. Ni wewe uliyeniokoa; ulilia dirishani kwa sauti kubwa, wakageuka kukutazama wewe, na neno langu likapata nafasi ya kutoka.

"Mfereji wa Baba ni bomba," nikasema. "Mfereji wa Bibi ni mtaro."

Bibi akautazama mpira mnene. Baba akautazama mpini, ukiwa umevutwa nusu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Bibi afike, Baba akauacha uzio akamgeukia uso kwa uso.

"Mama, kumbe ulifungua choo?"

"Si uliniambia nikifungue?" Bibi akafunika mdomo kwa kanga. "Usiku kucha najiuliza, mkwe wangu huyu amelelewa vizuri, leo amepatwa na nini mpaka ananitajia choo changu."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka mabega yakacheza. Baba naye akacheka hadi akaliweka birika chini. Mimi nilicheka nikiwa nimejificha nyuma ya skafu, lakini nilicheka.

Mambo yalikuwa hivi. Bomba la sinki lilifungwa kabisa, na maji yaliyotulia kwenye mpira mwembamba yakaganda. Tumbo nalo likaachwa wazi kidogo, uchafu ukatiririka mwembamba kama uzi, ukaganda kabla haujafika shimoni, wa pili ukaganda juu ya wa kwanza, mpaka njia ikaziba.

"Baba Pendo," Bibi akasema akijifuta machozi, "mficha uchi hazai. Mimi na wewe tumefichana sana. Choo ni choo. Njoo unionyeshe hicho kilichoganda."

Baba akachukua birika, akataka kumimina. Bibi akamshika mkono, mkwe akamshika mkwe, mwanangu, nilishuhudia.

"Hayo yamechemka. Mpira una baridi, utaupasua. Mzazi hakandwi kwa maji ya kuchemka."

Akaingia nyumbani akarudi na beseni lile lile analomkandia Mama, na mataulo yale yale. Akachanganya maji mpaka yakavumilika. Kwanza akafungua bomba. Kisha akaanza kuukanda mpira mwembamba upande wa karibu na bomba, akarudi nyuma kidogo kidogo, ili kinachoyeyuka kipate pa kutokea. Alikuwa anaimba wimbo wake wa mzazi. "Leo wazazi wangu ni wawili," akasema, "na huyu mmoja hashukuru." Baba akaushughulikia mpira mnene huko nyuma, mimi nikawa natembea na maji ya moto kati ya jiko na Kobe, na Mama dirishani akicheka sasa, akikuchezesha.

Bomba likakohoa. Likatema. Kisha likaanza: ndo, ndo, ndo.

Mama Mdogo alipofika alimkuta Bibi amekaa kwenye kingazi cha Kobe anakunywa chai, na Baba amekaa kwenye ndoo mbele yake.

"Begi liko wapi, Mama? Twende kabla foleni haijaanza."

"Hili hapa," Bibi akasema, akamkabidhi. "Nimeshatoa nguo safi. Humo mna mataulo yaliyochafuka. Wewe una mashine kubwa, kafue, urudishe Jumapili."

Tangu siku ile sauti zikawa zinavuka ua bila haya. "Mama, tumbo limejaa?" "Bado baba, kesho." Baba akazungushia miguu ya Kobe mbao, akauvisha mpira wa maji waya wa umeme wa kupasha moto na sponji juu yake. Arobaini ikafika, Bibi akakutoa nje akakuonyesha jua, na hata hivyo hakuondoka mpaka majani ya uani yalipochipua.

Sasa nasaha, maana mzee asiyetoa nasaha ni mpiga hadithi tu. Siku ukiwa na Kobe wako, mpini uwe umefungwa daima. Acha tumbo lijae, kisha vuta mara moja, mchana kukiwa na ahueni, lishuke kwa nguvu. Usiku fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto liyafikie maji, na bomba la Mama, ndilo mfereji wa Baba, liache lidondoke. Ukiona dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia tangi kuganda, Bibi aliiita sharubati, usiionje.

Lakini hilo silo lililonifanya nikae niandike. Jioni ya siku ile Kobe alipoganda, Bibi aliniuliza, "Ulijua tangu lini kwamba baba yako huliita bomba mfereji?"

"Tangu mdogo."

"Na neno ulikuwa umelificha wapi?"

Nikamwonyesha kooni. Akaweka pale kiganja chake, bado kina joto la maji.

"Kuona haya ni pambo, mjukuu wangu. Lakini pambo huvaliwa shingoni, halimezwi." Akafikiri kidogo. "Wazee husema chururu si ndo ndo ndo. Wao hawakuijua baridi ya kwenu. Hapa, ndo ndo ndo inatosha."

Basi, mwanangu, usingoje uwe na maneno mengi ndipo useme. Neno usilolijua liulize, hata kwa mkwe, hata kama ni la choo. Neno unalolijua lidondoshe, hata moja kwa siku, ili njia isizibe. Mimi ninajaribu. Jana nilimwagiza muuza duka kitu kwa sauti, akanisikia mara ya kwanza.

Mungu akukuzie meno yaliyobaki. Ulimi wako usipatwe na baridi, nyumba yako isikose mtu wa kuicheka, na popote utakapoegesha, maji yako yatembee.